Jinsi ya kukaa Lapita, hoteli ya mandhari ya visiwa kando ya bustani za burudani za Dubai

Familia nyingi kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Kampala zikifika Dubai hulala Deira au Bur Dubai, karibu na maduka ya jumla na soko la dhahabu. Kwa safari ya biashara hapo ndipo penyewe. Lakini kama umewaahidi watoto Legoland, bustani ya burudani ya matofali ya kuchezea ya Lego, Deira inakuweka zaidi ya kilomita 50 kutoka lango la bustani. Nusu ya siku mtaimalizia barabarani, na jioni mtarudi na mtoto analia kwa uchovu ndani ya teksi.

Lapita iko ndani ya eneo lenyewe la Dubai Parks and Resorts, Jebel Ali, pembeni mwa barabara ya Sheikh Zayed ukielekea Abu Dhabi. Bustani zilifunguliwa mwishoni mwa 2016: Legoland Dubai mwezi Oktoba, Motiongate, bustani ya mandhari ya filamu, mwezi Desemba, kisha bustani ya maji ya Legoland Januari 2017. Bollywood Parks, iliyokuwa jirani yao, ilifungwa 2023. Kwa hiyo tangazo likikuuzia tiketi ya Bollywood Parks, jua ni la zamani na usilipe chochote hapo.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia joto kwanza, bei baadaye

Hapa ndipo kalenda za shule zetu zinapogongana na hali ya hewa ya Ghuba. Likizo ya Agosti ya Kenya na ya Juni ya Tanzania zote zinaangukia kiangazi cha Dubai. Julai na Agosti joto huvuka nyuzi 40 mara kwa mara, na unyevu wa bahari huifanya hata jioni iwe nzito. Hoteli hushusha bei sana miezi hiyo, na watu huvutwa na bei hiyo bila kuuliza sababu yake.

Je, usiende kabisa? Unaweza kwenda, mradi ujue unakwenda kuogelea na kukaa ndani. Sehemu kubwa ya Motiongate, hasa upande wa studio ya filamu ya DreamWorks, imejengwa chini ya paa lenye kiyoyozi. Legoland nayo ina jumba la ndani lenye majengo maarufu yaliyoundwa kwa matofali ya Lego, pamoja na Burj Khalifa yenye urefu wa mita 17 hivi. Michezo ya nje ndiyo inayochosha. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka minne au mzee mwenye shinikizo la damu, ushauri wangu ni usimpeleke Agosti, hata bei iwe nusu.

Desemba hadi Februari ndio wakati mzuri: mchana joto la nyuzi ishirini na kitu, usiku wa sweta jepesi. Likizo ya Desemba ya Kenya na Tanzania inaingia hapo vizuri, ila bei hupanda kadiri mwaka mpya unavyokaribia. Nenda wiki ya kwanza au ya pili ya Desemba kama shule zimefunga. Likizo ya Aprili ya Kenya ni ya wastani kwa hali ya hewa.

Angalia pia Ramadhani inaangukia lini. Mwezi huo bei hushuka, na bustani hubadilisha saa zake, mara nyingi zikisogea kuelekea usiku. Kwa familia iliyofunga hilo laweza kuwa jambo zuri: mnapumzika mchana, mnafuturu hotelini, kisha watoto wanacheza usiku. Tazama pia siku za wiki. Tangu Januari 2022 wikendi ya Emirati (Falme za Kiarabu, nchi ilipo Dubai) ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa watu hutoka kazini mapema. Panga siku zako za bustani ziwe Jumatatu hadi Alhamisi.

Hatua ya 2: Amua usiku mangapi, na uuweke mwanzo wa safari

Usiku miwili unatosha familia nyingi. Mitatu kama watoto wako wana umri wa kwenda bustani hizo tatu, yaani Legoland, Motiongate na ile ya maji. Zaidi ya hapo utakuwa unalipia hoteli ya mbali na mji, na kila safari ya kwenda Deira itakugharimu teksi ndefu.

Anza na Lapita, umalizie mjini. Ukifika Dubai mabegi yako ni mepesi, watoto wana hamu, na wewe bado hujachoka na maduka. Ukishamaliza bustani, hamia Deira ufanye manunuzi, na siku ya kuondoka utakuwa dakika chache tu kutoka uwanja wa ndege wa DXB. Wanaofanya kinyume chake huburuta masanduku ya nguo na vyombo hadi Jebel Ali na kuyarudisha tena, na kila gari wanalokodi lazima liwe kubwa.

Kuna hoteli nyingine mbili ndani ya eneo hilohilo, uzipime kabla ya kuamua. Hoteli ya Legoland, iliyofunguliwa 2022, inawafaa wenye watoto wadogo wanaopenda matofali yale hadi chumbani. Rove at the Park ni ya bei nafuu, vyumba vya kawaida visivyo na mapambo mengi, na inafaa kama hoteli kwako ni mahali pa kulala tu. Lapita inalipa pale unapotaka hoteli yenyewe iwe sehemu ya mapumziko: mabwawa, mto bandia wa kuelea juu ya boya, bustani, na nafasi ya watu wazima kukaa bila kelele.

Hatua ya 3: Viza na pasipoti kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa

Watanzania, Wakenya na Waganda wanahitaji viza kabla ya kusafiri. Huombwa kupitia shirika la ndege la Emirati kama ndilo unalosafiri nalo, au wakala, na huwa ya siku 30 au 60. Pasipoti iwe na angalau miezi sita. Tangu mwishoni mwa 2022 Emirati hawampokei msafiri wa utalii ambaye pasipoti yake ina jina moja tu bila jina la pili, kwa hiyo kagua pasipoti za watoto kwa makini. Mpaka viza zote zitoke, chukua bei ya hoteli inayoruhusu kughairi, hata kama iko juu kidogo. Viza ya mtoto mmoja ikichelewa, familia nzima haiendi.

Hatua ya 4: Hesabu bei halisi

Bei unayoiona kwanza kwenye skrini mara nyingi si utakayolipa. Hoteli za Dubai huongeza tozo ya huduma asilimia 10, ada ya manispaa asilimia 7 na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 5. Chumba cha dirhamu 500 kwa usiku kinafika 610 hivi. Juu yake kuna dirhamu ya utalii, inayotozwa kwa kila chumba cha kulala kila usiku, kati ya dirhamu 7 na 20 kulingana na daraja la hoteli, na hii kwa kawaida hulipwa palepale mapokezi. Soma maandishi madogo uone kama bei ni kabla au baada ya kodi, kisha ndipo ulinganishe hoteli na hoteli.

Kubadili fedha ni rahisi kukumbuka, kwa sababu dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997: dola moja ni dirhamu 3.67. Beba dola au badilisha mjini. Viwango vya maduka ya fedha Deira huwa bora kuliko vya uwanja wa ndege, basi pale uwanjani badilisha kidogo tu, ya teksi na maji.

Sasa linganisha vitu vitatu kwa tarehe zilezile: bei ya tovuti ya hoteli yenyewe, bei ya tovuti za kuweka nafasi, na kifurushi cha chumba pamoja na tiketi za bustani. Kifurushi mara nyingi huwa ndicho nafuu kwa familia ya watu wanne, lakini uliza maswali mawili kabla ya kulipa: tiketi ni za bustani ngapi, na ni za siku ngapi? Kifurushi cha bustani zote hakikufai kama mna siku moja tu ya kucheza.

Lapita iko chini ya Marriott, kampuni kubwa ya hoteli. Jiunge na mpango wao wa wanachama, ni bure, na ukiweka nafasi moja kwa moja kwao unapata intaneti ya chumbani bila malipo.

Taja umri wa kila mtoto unapoweka nafasi. Wengi huacha kuwataja wadogo wakidhani watapita. Mapokezi wataziona pasipoti zote, na kama chumba ni cha watu wazima wawili na watoto wawili, mtoto wa tatu atakufanya ulipie chumba kingine kwa bei ya siku hiyo. Familia kubwa iombe vyumba viwili vyenye mlango wa kati, na iombe kwa maandishi mapema.

Hatua ya 5: Andaa kadi ya amana

Hili nalisisitiza, maana ndilo linalowaharibia watu siku ya kwanza. Ukifika mapokezi, hata kama chumba kimelipiwa chote, hoteli itaomba amana ya kufidia chakula na vinywaji utakavyoandikisha chumbani. Kwa kadi ya mkopo, fedha huzuiwa tu kisha huachiliwa. Kwa kadi ya debiti, ambayo wengi wetu ndiyo tunayo, fedha hutoka kwenye salio lako kweli, na kurudi kwake kunaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kutegemea benki yako ya nyumbani. Ukiweka bajeti yako yote kwenye kadi hiyo moja, sehemu ya fedha za manunuzi itakuwa imefungwa wakati unaihitaji.

Fanya hivi. Andikia hoteli kabla ya kusafiri uulize amana ni kiasi gani kwa usiku na kama wanapokea taslimu. Ukiweza kuweka taslimu, iweke, chukua risiti, na utarudishiwa siku ya kuondoka. Kadi pepe za simu zinafaa kulipia mtandaoni, lakini usizitegemee mapokezi, ambako huomba kadi ya mkononi, mara nyingi yenye jina la mgeni mwenyewe. Na iarifu benki yako kwamba unasafiri, isije ikaifunga kadi kwa kuona muamala wa nje.

Hatua ya 6: Mzigo

Soketi za Dubai ni zile za pini tatu kama zetu, volti 230, basi huhitaji adapta. Beba kofia, losheni ya jua, kandambili, na chupa ya maji kwa kila mtu.

Mavazi ya kuogelea yawe ya kitambaa cha kuogelea kweli. Kaptula ya jinzi au fulana ya pamba utazuiwa nayo bwawani. Burkini, vazi la kuogelea la kusitiri mwili, inaruhusiwa hotelini na kwenye bustani ya maji, ila iwe ya kitambaa hichohicho cha kuogelea. Dera la pamba juu ya suruali halikubaliki majini.

Dawa: zile zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali Emirati na zinahitaji kibali kabla ya kuingia nazo. Kama mgonjwa wako anazitumia, omba kibali hicho mapema, na ubebe barua ya daktari na dawa ndani ya pakiti zake.

Hatua ya 7: Kufika

Kutoka DXB hadi Jebel Ali teksi inaweza kufika dirhamu 150 au kuzidi, pamoja na tozo za Salik za barabarani. Teksi ya kawaida ni ya abiria wanne, basi familia ya watano iombe gari kubwa. Metro ya mstari mwekundu inakwenda hadi upande wa Jebel Ali kwa bei ndogo sana, ila haifiki bustanini. Utashuka na kumalizia kwa teksi. Kwa mtu mmoja mwenye begi dogo ni njia nzuri. Kwa familia yenye masanduku na mtoto aliyelala begani, lipa teksi.

Ndege nyingi kutoka kwetu hufika alfajiri au mapema, na chumba kwa kawaida hupatikana saa tisa alasiri. Nenda moja kwa moja hotelini hata hivyo. Acha mizigo mapokezi, vaa nguo za kuogelea zilizo juu kabisa ndani ya begi (ziweke hapo makusudi), na uulize kama mnaruhusiwa bwawani mkisubiri. Siku hiyo usinunue tiketi ya bustani. Watoto wamelala vibaya ndani ya ndege, na tiketi ya siku ya kwanza hupotea bure.

Ukiwa mapokezi, omba mambo mawili kwa upole: chumba mbali na lifti, na karibu na bwawa kama mna wadogo. Uliza pia kama kuna gari la wageni linalozunguka bustani na ratiba yake. Riverland, mtaa wa migahawa na matembezi unaounganisha bustani, ndio mahali pa kwenda jioni ya kwanza, na panatosha.

Hatua ya 8: Gawa siku mara mbili

Faida yote ya kulipia hoteli ya ndani ya bustani iko hapa, na ajabu ni kwamba wageni wengi hawaitumii. Huondoka asubuhi, hukaa bustanini siku nzima kwa sababu tiketi ni ghali, na kurudi usiku wamekwisha.

Bustani hufunguliwa saa nne asubuhi au baadaye, kwa hiyo usikimbilie lango. Anza siku na bwawa wakati jua bado changa. Kisha kifungua kinywa cha taratibu. Fika langoni dakika ishirini kabla ya kufunguliwa, na mkiingia nendeni kwanza kwenye michezo iliyo nje na yenye foleni ndefu. Ikifika saa saba mchana, rudini hotelini. Uliza langoni utaratibu wa kutoka na kuingia tena, na utunze tiketi. Laleni, ogeleeni kivulini, kisha mrudi saa kumi alasiri wakati wenye basi la kurudi mjini wanaanza kuondoka. Saa mbili za mwisho za Motiongate mara nyingi ndizo zenye foleni fupi kuliko zote.

Legoland huwahi kufungwa kuliko Motiongate, kwa hiyo siku ya Legoland tumieni asubuhi zaidi. Imekusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 12, na kijana wa miaka 15 atachoka nayo saa ya kwanza. Motiongate ndiyo ya vijana: treni ndogo za kasi zinazopanda juu na kuporomoka, na maeneo yaliyojengwa kwa kufuata studio za filamu kama DreamWorks, Columbia na Lionsgate. Mpime kila mtoto urefu nyumbani kabla ya safari na ulinganishe na viwango vya tovuti. Wahudumu wana fimbo ya kupimia na hawana huruma ya sentimita moja. Ni vizuri mtoto ajue kabla, kuliko kukataliwa mbele ya ndugu yake baada ya foleni ya nusu saa.

Ndani ya hoteli kwenyewe, tenga muda wa kutazama. Jina lake limetokana na watu wa Lapita, mabaharia walioenea visiwa vya Pasifiki miaka 3,000 hivi iliyopita, na Wapolinesia wa leo ni vizazi vyao. Mbao, mapaa ya mteremko na mimea ya kitropiki vinaiga visiwa hivyo. Mtoto wa Tanga au Lamu ana jambo lake hapa: ngalawa yetu, yenye mbao mbili za ubavuni zinazoizuia kupinduka, watafiti wengi huihusisha na mabaharia wa ukoo huohuo mkubwa wa lugha, waliovuka Bahari ya Hindi wakafika Madagaska. Mwambie. Ni elimu ambayo hakuna tiketi itakayompa.

Majini, usimwachie mtoto mwokoaji wa bwawa. Mto bandia unaonekana mpole lakini una mkondo, na mtoto mfupi haonekani nyuma ya boya la mtu mzima. Mzazi mmoja awe ndani ya maji muda wote, simu ibaki kwenye kiti.

Picha pigeni za familia yenu tu. Kumpiga picha mtu mwingine bila idhini yake ni kosa kisheria Emirati, na mabwawani watu wanalichukulia kwa uzito.

Hatua ya 9: Chakula na simu

Chukua chumba chenye kifungua kinywa. Bufee ya asubuhi huchukua nafasi ya milo miwili mkila saa tatu. Chakula cha jioni hotelini ni ghali, kwa hiyo kuleni Riverland usiku mmoja na usiku mwingine muagize kwa programu ya simu. Maji ya chupa ya chumbani na ya bustanini yana bei tofauti kabisa na ya dukani, basi pitieni dukani njiani kutoka uwanja wa ndege mchukue katoni.

Wapigieni wazee nyumbani kabla ya kuondoka muwaeleze: kupiga simu kwa WhatsApp kwa kawaida hakufanyi kazi Emirati, ingawa ujumbe, sauti zilizorekodiwa na picha zinapita. Wanaoishi huko hutumia Botim, programu iliyoruhusiwa. Iweke kwenye simu yako na ya mama nyumbani kabla ya safari, na mjaribu kupigiana. Bila hivyo atakesha akidhani mmepatwa na jambo.

Hatua ya 10: Kuondoka

Usiku wa mwisho omba bili uipitie ukiwa umetulia. Angalia kila kilichoandikwa chumbani, hasa vinywaji vya friji ndogo ambavyo watoto hufungua kimyakimya. Asubuhi rudisha kadi za milango, dai amana yako kama ni taslimu, na kama ni ya kadi omba karatasi inayoonyesha imeachiliwa na tarehe. Karatasi hiyo ndiyo utakayoipeleka benki fedha zikichelewa.

Bili ya hoteli hairudishiwi kodi, lakini manunuzi ya dukani yanaweza. Duka lililo kwenye mpango wa watalii, ukinunua kuanzia dirhamu 250, huisajili risiti kwa pasipoti yako pale kaunta. Siku ya kusafiri pitia dawati la kurudishiwa kodi DXB kabla ya kukabidhi mabegi, kwa sababu wanaweza kutaka kuiona bidhaa yenyewe.